Vitunguu Vilivyoota Usivitupe

Valls, Katalonia, Hispania
Januari

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mguu wa Mama Mkubwa je? Huku ni wazima, ila baridi ni kali, asubuhi shambani vidole vinakufa ganzi.

Nimekaa kuandika kwa sababu ya ule ujumbe wako wa sauti. Unasema vitunguu vya stoo vimeota, na dalali anavitaka lumbesa kwa bei ya kutupa. Usimpe kwanza. Huku nilipo watu huvipanda makusudi ili viote, na mji mzima unavila.

Vinaitwa calçot, na ni vitunguu vyeupe tu. Wanasia mbegu, wanahamisha miche, kiangazi wanang'oa na kuvitunza. Mwezi wa nane au wa tisa wanavirudisha ardhini, na kila kimoja kinachipua mashina kadhaa. Hapo ndipo penye kazi: mashina yakirefuka unayapandishia udongo, yakirefuka tena unapandisha tena, jua lisiyapate. Ndiyo maana yanakuwa marefu, meupe na matamu, bila ule ukali wa kututoa machozi. Kuvuna ni Novemba hadi Aprili. Umoja wa Ulaya unalinda jina la calçot za Valls, kwa hiyo sehemu nyeupe lazima iwe kati ya sm 15 na 25. Bandani tunapima siku nzima, mgongo unauma, na saa za ziada… tuyaache, nitakupigia.

Nikueleze wanavyovila, maana jambo hili limenikaa moyoni. Jumapili ukoo na majirani wanakutana shambani. Hawachomi kwa mkaa, wanawasha matawi makavu ya mizabibu waliyopogoa, na moto wake ni wa miali mirefu. Vitunguu vinaungua nje mpaka vinakuwa vyeusi tii. Halafu vinafungwa kwenye magazeti viendelee kuiva kwa mvuke wake, vinaletwa mezani juu ya vigae vya paa. Unashika majani kwa mkono mmoja, kwa mwingine unavuta lile ganda jeusi, linavuka lote kama soksi. Unachovya kwenye mchuzi wa lozi, nyanya na vitunguu saumu vya kuchoma, pilipili kavu isiyowasha, siki na mafuta ya zeituni. Kisha unainua uso juu na kukiteremsha mdomoni. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba aliyeanza ni mkulima wao mmoja, Xat de Benaiges, mwishoni mwa karne ya 19.

Mwanaidi, mikono inakuwa myeusi kwa masizi, hakuna anayeweza kushika simu! Watu wanaongea. Bibi wa miaka mingi na kijana wa chuo wanamenya kutoka kigae kimoja, kila mmoja na kitambaa shingoni. Baadaye inakuja nyama kwenye makaa yaliyobaki. Soseji zao ni za nguruwe, na mimi nilikuwa nimeshajipanga kushiba vitunguu na mkate. Kumbe mwenye shamba ameniwekea mbavu za kondoo kwenye wavu wa peke yake, mbali kabisa, wala sikumwambia. Nilishindwa hata kushukuru vizuri. Tangu nifike huku sijawahi kujiona nimekaribishwa namna ile.

Sasa ombi langu. Vyenu vya Mang'ola ni vyekundu, kwa hiyo usiweke vyote. Chagua vilivyoota vizuri, visivyooza, panda tuta moja tu karibu na mfereji, pandishia udongo, nitumie picha. Mchuzi unaweza kutumia korosho au karanga. Nataka sana uvile na wanao, na Mama Rehema umwite, hata kama bado mmenuniana.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ni sikukuu yenyewe hapa mjini, kuna hata mashindano ya kula. Nitakurekodia.

Nijibu haraka: vilivyoota ni magunia mangapi? Zamu yenu ya maji ni lini? Kaka Juma amerudi Karatu au bado yuko Arusha? Ile kesi ya mpaka wa shamba imefikia wapi? Na kuni je, huko hamna mizabibu: mabua ya mahindi yatatoa miali ya kutosha, au utafute kitu kingine?

Wako akupendaye,
Zuhura