Mtoto akirudi kwa nyanya, msaada umfuate

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu ule mpango wa serikali ya Kenya wa 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha kwa jamaa zao. Mimi nasaidia kuendesha makao ya kanisa huku Trans Nzoia na kusema ukweli sipingi, hata sisi asubuhi tukianika blanketi zilizokojolewa tunajua kabisa mtoto huyu anataka nyanyake, si uji wetu wa wimbi na pambio.

Shida ni vile inafanywa. Mtoto anapelekwa na begi moja, fomu inasainiwa, gari inageuka, na huko nyanya ni mgonjwa na mahindi yako karibu kuisha, sasa baada ya miezi michache unamkuta stendi Kitale na chupa ya gundi. Wafadhili nao Desemba wanatuletea soda na biskuti wapige picha, Januari ya yunifomu na madaftari hawashiki simu (Mungu anawaona).

Hizo shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa pesa wa serikali kwa wazee na familia maskini, ni kidogo na huchelewa, lakini ni mahali pa kuanzia. Naomba afisi ya watoto imsajili nyanya kabla mtoto hajatoka kwetu, na sisi makanisa tukubali pesa tuliyokuwa tunamlishia hapa imfuate huko angalau mwaka mmoja, na makao yakibaki matupu basi tuyageuze yawe madarasa.

Mlezi wa watoto,
Kitale