Risala ya Klabu ya Historia na Michezo kwa Mgeni Rasmi: Timu Iliyozaliwa Kabla ya Uhuru wa Nchi Yake

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum! Bwana asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Jumamosi ni siku ya mtu kupumzika na familia yake, nawe umeamua kuja kukaa nasi chini ya maturubai haya. Tunasema ahsante sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu tutayafikia. Kwa idhini yako, tungependa kwanza kukusimulia tulichojifunza muhula huu, kwa sababu maombi yenyewe yametoka humo.

Habari hii ilianza na Simon Msuva. Mwaka 2024 mshambuliaji huyu wa Taifa Stars alijiunga na Al-Talaba ya Baghdad, na wenzetu wengi wakaanza kufuatilia matokeo ya ligi ya Iraki. Mmoja wetu aliyesoma Kiarabu madrasa akatueleza kwamba Al-Talaba maana yake ni Wanafunzi, na kwamba jina la Twalib, ambalo tunao wawili kidato cha tatu, limetoka kwenye mzizi huo huo. Basi Al-Talaba ikawa timu yetu. Lakini klabu ya historia haiwezi kushabikia bila kuuliza. Tuliuliza ni timu gani iliyo kongwe kuliko zote Iraki, na jibu likatupeleka kwa Al-Quwa Al-Jawiya, yaani Jeshi la Anga. Tumeisoma muhula mzima na bado hatujaichoka.

Tarehe 22 Aprili 1931 kundi la kwanza la marubani wa Iraki, vijana waliofunzwa Uingereza, lilitua Baghdad na ndege ndogo za Gipsy Moth. Siku hiyo inahesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa jeshi la anga la nchi hiyo. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, kabla hata miezi mitatu haijatimia, jeshi hilo lilikuwa na klabu ya mpira. Tunaomba uitazame tarehe hiyo vizuri. Iraki ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na uhuru wake ulikuja Oktoba 1932. Shirikisho la soka la Iraki lilianzishwa mwaka 1948. Maana yake klabu hii iliutangulia uhuru wa nchi yake, na ilicheza miaka 17 kabla ya kuwapo shirikisho la kuisimamia. Kwa sisi huku, Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936. Jezi yao ni ya buluu, rangi ya anga, na mashabiki huwaita Al-Suqoor, yaani vipanga, jina ambalo mpenzi wa soka la Zanzibar, kwenye timu ya Kipanga, hahitaji kufafanuliwa.

Katika wachezaji wa zamani waliopita hapo, mmoja ametukaa moyoni. Jina lake kamili ni Emmanuel Baba Dawud, Mwashuri, mtoto wa jamii ndogo ya Wakristo wa Iraki. Nchi nzima ilimwita Ammo Baba. Neno hilo Ammo ndilo ami yetu, ndugu wa baba. Mwaka 1957 Iraki ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi ya kimataifa, dhidi ya Morocco, mjini Beirut. Bao la kwanza la Iraki katika historia lilifungwa na Ammo Baba. Alipata kuichezea Al-Quwa Al-Jawiya, kisha akawa kocha wa timu ya taifa na kutwaa nayo Kombe la Ghuba mara tatu, mwaka 1979, 1984 na 1988. Alipofariki mwaka 2009 hakuzikwa makaburini. Alizikwa kwenye uwanja wa Al-Shaab, Baghdad, kama alivyotaka mwenyewe. Taifa lenye Waislamu wengi lilimzika ami yake Mkristo pale ambapo kila shabiki aendaye kutazama mpira atampita.

Uwanja huo wa Al-Shaab nao una habari yake. Ulijengwa kwa fedha za taasisi ya Gulbenkian yenye makao yake Lisbon, na mwaka 1966 waliokuja kuufungua walikuwa Benfica ya huko huko Lisbon, wakiwa na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, jirani yetu. Hapo ndipo kwa miaka mingi zimechezwa mechi kubwa za Al-Quwa Al-Jawiya na Al-Zawraa, watani wa jadi wa Baghdad. Haki isemwe: kwa hesabu ya ubingwa wa ligi, Al-Zawraa iko mbele. Kwa umri na kwa mapito, hakuna anayeifikia Al-Quwa Al-Jawiya.

Ligi ya taifa ya klabu ilipoanza msimu wa 1974–75, bingwa wa kwanza alikuwa yeye, ingawa wakati huo alikuwa akiitwa Al-Tayaran. Jina likabadilika, baadaye likarudi. Wachezaji, jezi na mashabiki walikuwa wale wale.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa sababu kuna klabu nyingine tuliyojadili hadi mwalimu wetu mlezi akazima taa za darasa. Inaitwa Al-Rasheed. Ilianzishwa mwaka 1983 na Uday, mtoto wa Rais Saddam Hussein. Ilikusanya wachezaji bora kutoka klabu nyingine, maana nani angemkatalia mtoto wa Rais? Ikachukua ubingwa wa Iraki misimu mitatu mfululizo, kuanzia 1986–87 hadi 1988–89. Ikachukua ubingwa wa klabu za Kiarabu mara tatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987. Kwa vikombe tu, ungesema hii ndiyo klabu kubwa. Mwaka 1990 ilivunjwa, na leo haipo. Bingwa wa msimu huo wa 1989–90 alikuwa nani? Al-Quwa Al-Jawiya, mzee wa miaka 59. Wenzetu wengine walisema hiyo ilikuwa bahati. Sisi tulio wengi tulikataa. Al-Rasheed ilikuwa ya mtu mmoja, na ilikwisha upesi. Al-Quwa Al-Jawiya ilikuwa na watu ambao babu zao waliishangilia.

Agosti 1990 Umoja wa Mataifa uliiwekea Iraki vikwazo, vikadumu hadi 2003. Safari za ndege zikakatika, na aliyetaka kutoka nje alisafiri kwa barabara, jangwani, hadi Amman nchini Jordan. Timu ya jeshi la anga ikawa timu isiyoweza kuruka. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki ilipata ubingwa wa 1991–92, na msimu wa 1996–97 ilifanya jambo ambalo mpaka leo mashabiki wake wanalitaja kwa vidole vinne: ligi, Kombe la Iraki, kombe la Umm al-Ma'arik na Super Cup ya Iraki, vyote msimu mmoja.

Kisha ukaja mwaka 2003. Vita viliukatisha msimu wa ligi. Tarehe 23 Mei, utawala wa muda ulioongozwa na Marekani ulitoa Amri Namba 2, nayo ilivunja majeshi yote ya Iraki: la nchi kavu, la majini na la anga. Mahali hapa ndipo sote tulipokaa kimya darasani. Sisi huku tunazo timu za majeshi na tunajua zinavyoendeshwa. Mchezaji ni askari, mshahara unatoka jeshini, basi ni la jeshi, na uwanja wa mazoezi uko ndani ya kambi. Sasa fikiria asubuhi moja jeshi lenyewe limefutwa kwa karatasi. Timu inabaki ya nani?

Al-Quwa Al-Jawiya haikufa. Msimu uliofuata nao haukumalizika kwa sababu ya machafuko, lakini msimu wa 2004–05, Baghdad ikiwa katika milipuko, timu yenye jina la jeshi lililokuwa ndiyo kwanza linaanza kuundwa upya ilitwaa ubingwa wa Iraki. Tumesoma habari nyingi za vikombe muhula huu. Hiki ndicho tunachokiheshimu kuliko vyote.

Lilibaki deni la Asia. Klabu za Iraki zilikuwa zimelia kwenye fainali za Kombe la AFC, ambalo kwa Afrika tungelilinganisha na Kombe la Shirikisho. Erbil ilifungwa na Kuwait SC fainali ya 2012, tena ikiwa nyumbani kwake, na mwaka 2014 ikapoteza kwa penalti mbele ya Al-Qadsia. Al-Quwa Al-Jawiya ilipoingia fainali ya 2016 haikuwa hata na nyumba. Kwa sababu za usalama, mashindano rasmi ya kimataifa hayakuruhusiwa kuchezwa Iraki, hivyo mechi zake za "nyumbani" zilichezwa Doha, Qatar. Huko huko Doha, tarehe 5 Novemba 2016, ilikutana na Bengaluru ya India yenye nahodha Sunil Chhetri. Matokeo yalikuwa 1–0, mfungaji Hammadi Ahmed. Lilikuwa bao lake la 16 katika mashindano yale. Kwa mara ya kwanza kombe hilo likaenda Iraki.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa ugenini kabisa, mjini Hisor nchini Tajikistan, dhidi ya Istiklol. Ni 1–0 tena, safari hii kwa bao la Emad Mohsin. Kombe la pili.

Machi 2018 FIFA iliruhusu mechi za mashindano kurudi katika miji mitatu ya Iraki: Basra, Karbala na Erbil. Tarehe 27 Oktoba 2018 fainali ikachezwa Basra. Mji huo wazee wetu wa pwani wanaujua kwa tende zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi ya msimu, na uwanja wake mkubwa umejengwa kwa mfano wa gogo la mtende. Mpinzani alikuwa Altyn Asyr ya Turkmenistan. Hammadi Ahmed akafunga, Emad Mohsin akafunga, wale wale wa fainali mbili zilizopita, kama vile walikuwa wamepeana ahadi. 2–0. Hakuna klabu iliyowahi kulitwaa Kombe la AFC miaka mitatu mfululizo kabla yao. Kombe la tatu walilipokea katika ardhi ya nchi yao, mbele ya watu wao. Mwenzetu aliyekuwa akisoma ukurasa huu kwa sauti alishindwa kumalizia, na hatukumcheka.

Ubingwa wa ligi wa 2020–21 ulikuwa wa saba kwao.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tufike nyumbani. Tulipokuwa tukiyasoma haya tulijiuliza: sisi tunajua nini kuhusu timu ya shule yetu? Katika ofisi ya Mkuu wa Shule kuna kikombe cha fedha kilichofifia. Hakina mwaka wala jina la mashindano. Tunajua tarehe ambayo timu ya Baghdad ilianzishwa miaka zaidi ya 90 iliyopita, lakini hatujui kikombe chetu tulikipata lini wala kwa nani. Daftari la michezo lilipotea wakati wa kuhamisha stoo. Yupo mzee mmoja, amekaa safu ya pili hapa leo, ambaye anatuambia kwamba alicheza mechi ile na kwamba bao la ushindi lilifungwa kwa kichwa mvua ikinyesha. Tumeanza kuandika maneno yake kwenye daftari la kawaida la mistari, nalo linakaribia kujaa.

Hivyo basi tunaleta kwako maombi matatu.

La kwanza, tunaomba kabati la chuma lenye kufuli, pamoja na rejista kubwa za jalada gumu, ili kila mechi ya wavulana na ya wasichana iandikwe: tarehe, wachezaji, matokeo, aliyefunga na aliyeshuhudia.

La pili, na hili ndilo linalotuuma zaidi, uwanja wetu unaliwa. Upande wa mashariki mpaka umesogea hatua kadhaa tangu tulipokuwa kidato cha kwanza, na kibendera cha kona sasa kiko kwenye shamba la mahindi. Tunaomba utusaidie upatikane upimaji rasmi na vigingi vya saruji, na hati ya eneo hili ihifadhiwe mahali ambapo haitapotea.

La tatu, nyavu za magoli na mipira sita. Timu ya wasichana inafanya mazoezi kwa mpira mmoja uliokwisha kushonwa mara mbili.

Kwa upande wetu, tumekwisha kuchangishana na kununua kopo moja la rangi nyeupe na moja la buluu. Nyeupe tumechora mistari ya uwanja jana jioni. Buluu tumepaka mihimili ya goli la kusini, na tunaomba radhi kwamba bado haijakauka sawasawa.

Timu zote mbili zimepanga mstari katikati ya uwanja zinakusubiri uzikague, na yule mzee wa safu ya pili amekubali kukusindikiza ili akuonyeshe goli ambalo bao lile liliingia. Karibu sana, Ndugu Mgeni Rasmi.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Historia na Michezo, na imesomwa kwako na katibu wa klabu kwa niaba yao.