Kusikiliza amplifaya ya zamani kabla ya kuinunua

Amplifaya za stereo zilizotengenezwa Japani na Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980 bado zinapatikana hapa Mwanza, nyingine zikiwa zimetunzwa na familia tangu zamani na nyingine zikiletwa kama mitumba. Karakana yetu hupokea wateja ambao tayari wamekwisha kulipa, na malalamiko yao hufanana: kifaa kilipiga vizuri dukani, lakini nyumbani sauti inachosha, upande mmoja unapotea au kuna mvumo usiokwisha. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika njiani. Kasoro ilikuwapo siku ya mauzo, ila muuzaji alifungua sauti hadi juu, akaongeza besi, na makelele ya sokoni yakamalizia kazi iliyobaki. Ndiyo maana tunatoa ushauri ambao wengi huushangaa, kwamba amplifaya ya zamani ipimwe kwa sauti ya chini, mahali palipotulia.

Kabla ya kusikiliza chochote, geuza kifaa na usome kibandiko cha umeme kilicho nyuma yake. Amplifaya zilizokusudiwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 unaweza kuunguza transfoma au kapasita kubwa (vipuri vinavyohifadhi umeme) kabla hujafika kwenye muziki. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje mara nyingi zina swichi ya kuchagua volti, nayo inapaswa kuwa kwenye 220 au 240. Amplifaya ya volti 100 isikataliwe kwa sababu hiyo pekee, lakini bei ya transfoma ya kushusha umeme iingizwe kwenye mapatano.

Ikishawashwa, usicheze muziki kwanza. Nyingi za aina hii zina relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayolinda spika, nayo hulia “tak” sekunde chache baada ya kuwasha. Mlio huo usipokuja, huenda sakiti ya ulinzi imegundua umeme wa DC (wa mkondo wa upande mmoja) unaoelekea kwenye spika, na hilo ni tatizo la kukaguliwa kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kisha shusha sauti hadi sifuri na usogeze sikio karibu na spika. Mvumo mzito usiobadilika hata ukizungusha kitasa cha sauti kwa kawaida hutoka kwenye sehemu ya umeme, ambako kapasita za kuchuja zimekauka kwa umri na joto, ilhali mvumo unaoongezeka kadiri unavyofungua sauti hutokana zaidi na nyaya za kuingizia muziki, waya wa ethi au hatua za mwanzo za sakiti. Mwenye sikio zuri atatofautisha hata kimo chake, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, lakini ukishapita kwenye daiodi zinazougeuza kuwa DC, masalia yake huvuma kwa mizunguko 100, yaani oktava moja juu zaidi.

Sasa cheza wimbo unaoufahamu vyema. Dansi la zamani, lenye solo, rizimu na besi zinazojibizana, linafaa kuliko muziki wa midundo mizito, kwa sababu kila gitaa lina mahali pake na likipotea utajua. Weka besi na trebo katikati, zima kitufe cha Loudness, kisha shusha sauti hadi kiwango cha mazungumzo, halafu chini zaidi. Transista za mwisho, yaani vipuri vinavyosukuma umeme kwenda kwenye spika, hufanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine ikivuta nusu ya chini, na umeme mdogo wa kudumu huziweka tayari ili makabidhiano yao yasisikike. Umeme huo ukishuka chini ya kiwango kwa uzee wa vipuri au kwa marekebisho mabaya ya fundi aliyetangulia, kila makabidhiano huacha kovu. Muziki ukiwa juu, kovu hilo ni dogo mno kulingana na wimbi lenyewe. Ukiwa chini, linakuwa sehemu kubwa ya unachokisikia, hivi kwamba herufi “s” za mwimbaji zinakwaruza na mlio wa gitaa unachakaa kabla haujafifia.

Ni katika sauti ya chini pia ambapo upande mmoja hutoweka, kisha hurudi ghafla ukiongeza sauti. Hapo tunashuku kwanza mguso wa relei au wa swichi ulioshika kutu, na matengenezo yake si ghali. Ili usiisingizie amplifaya kosa la spika, zima umeme, badilishana nyaya za spika za kushoto na kulia, uone kama tatizo linahama. Na kama hakuna sauti kabisa, tazama kitufe kilichoandikwa Tape Monitor: kikibonyezwa bila deki ya kaseti kuunganishwa, muziki hausikiki, na amplifaya nzima huuzwa kwa bei ya kutupa ikidhaniwa imekufa.

Kitufe cha Loudness hatukidharau. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la mwanadamu hupoteza besi sauti inaposhuka, na kitufe hicho kiliwekwa ili kuirudisha. Kikiwa kimewashwa wakati wa majaribio, kinakuficha mambo. Wati nazo zisikutie tamaa, kwani kuzizidisha mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na amplifaya ya NAD 3020 ya mwaka 1978 ilijipatia sifa kubwa ikiwa na wati 20 kwa kila upande.

Wapo wanaosifu “utamu wa zamani” katika kila kifaa kilichochakaa. Maoni yetu ni kwamba besi iliyolegea na trebo iliyofifia mara nyingi ni dalili ya kapasita zilizochoka, na mtu hawezi kujua sauti halisi ya amplifaya hiyo hadi itengenezwe.

Iache icheze nusu saa, kisha pitisha mkono juu ya matundu ya hewa, maana upande mmoja ukiwa moto kuliko mwingine, kuna jambo. Kwa amplifaya zilizokaa karibu na ziwa huwa tunafungua kifuniko kabla ya yote, kwa kuwa unyevu na wadudu wadogo wa ziwani huingia humo na kujikusanya juu ya sakiti. Tukiwa tumefungua, tunalinganisha pia transista za mwisho za pande zote mbili, kwani nyingi za asili hazitengenezwi tena na za bandia zimejaa sokoni.

Vitasa vinavyokwaruza husafishwa kwa dawa ya kupuliza. Hicho ni kisingizio kizuri cha kupunguziwa bei. Transfoma iliyoungua ni habari nyingine, na hapo tunamshauri mteja aachane nayo. Muuzaji akikubali, ileteni karakana kabla ya malipo: tutapima kwa multimita umeme wa DC kwenye matundu ya spika, ambao tunapenda usizidi milivolti 50 kila upande, na ukifika milivolti 100 tutawaambieni nyote wawili mkiwapo.