Tutunze kwa nidhamu madaftari makubwa ya redio ya ridhaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie waendeshaji wenzangu wa redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi yao na si kwa malipo, wa Afrika Mashariki. Mikutano ya vilabu vyetu hujaa habari za antena na mitambo, lakini ni nadra kuzungumzia namna tunavyotunza madaftari ya mawasiliano, yaani kumbukumbu za kila tuliyewasiliana naye hewani, ambayo sasa yamo ndani ya kompyuta na yamekuwa makubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kuyakagua kwa macho.

Alama zetu za wito, ambazo hutambulisha kila kituo hewani na huanza kwa 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya, 5X ya Uganda, 9X ya Rwanda na 9U ya Burundi, hutafutwa sana na wenzetu wa Ulaya, Marekani na Japani kwa sababu tuko wachache hewani. Tena tangu mwaka 2017, Joe Taylor na Steve Franke walipotoa mfumo wa FT8, ambao kompyuta hupokezana ujumbe katika vipindi vya sekunde 15, mawasiliano kamili huchukua dakika moja na ushei tu. Daftari la mtu mmoja hufikia makumi ya maelfu ya mawasiliano bila yeye kutambua. Wingi wenyewe si tatizo: msafara wa waendeshaji waliotumia alama ya T32C katika kisiwa cha Kiritimati, Bahari ya Pasifiki, mwaka 2011, uliandikisha mawasiliano zaidi ya 213,000, na kanzidata ya kawaida yenye faharasa nzuri hutafuta alama moja kati ya hizo kufumba na kufumbua. Kinachotuangusha ni data chafu na nakala moja inayotegemewa kwa kila kitu.

Chanzo kikubwa cha uchafu kwetu ni saa. Daftari la redio huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo mawasiliano ya saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili huandikwa saa 23:00 ya Jumamosi. Kompyuta ikipangwa vibaya, tarehe nayo hukosewa. Huduma ya mtandaoni ya kuthibitisha kuwa mawasiliano yalifanyika, Logbook of the World, inayoendeshwa na chama cha ARRL cha Marekani, hulinganisha kumbukumbu za pande mbili na kukubali tofauti ya saa isiyozidi dakika 30. Aliyekosea saa tatu hathibitishwi kamwe, na mwenzake aliyeko Ujerumani au Brazil, ambaye huenda ameisubiri Tanzania kwa miaka mingi, hathibitishwi pia. Ndiyo maana nashikilia kuwa daftari hili si mali ya mwenye mtambo peke yake. Nusu yake ni haki ya aliyekuwa upande wa pili.

Hatari nyingine hutokea wakati wa kuunganisha madaftari ya programu mbalimbali. Faili za ADIF, muundo ambao karibu programu zote huuelewa, huandika FT8 kama aina kamili ya mawasiliano, lakini FT4, mfumo unaofanana nayo, huandikwa kama tawi la kundi la mifumo liitwalo MFSK. Programu isiyozingatia kanuni hiyo huona kumbukumbu mbili tofauti pale penye moja, na daftari hujaa marudio. Anayeamua kuyafuta kwa kufungua faili ndani ya programu ya majedwali hujiongezea kazi, kwa kuwa majedwali huona saa kama namba tu: 0007 hugeuka 7. Anayerekebisha ADIF kwa mkono naye hana budi kukumbuka kuwa kila sehemu hutanguliwa na idadi ya herufi zake. Ukiongeza herufi bila kubadilisha idadi hiyo, ya mwisho hukatwa. Marudio yafutwe kwa programu ya daftari yenyewe, kwa kulinganisha alama ya wito, bendi, aina ya mawasiliano na saa kwa pamoja, na kabla ya kugusa chochote pawe na nakala.

Naomba vilabu vitilie mkazo pia sehemu zinazoeleza mtambo ulikuwa wapi na nani aliuendesha. Alama ya klabu hutumiwa na watu wengi, na bila jina la mwendeshaji ndani ya kila kumbukumbu haiwezekani kutenganisha kazi zao baadaye. Kuhusu mahali, mraba wa herufi nne, yaani alama fupi ya eneo kwenye ramani ya dunia iliyogawanywa kwa miraba, hautoshi pwani yetu: Dar es Salaam na Mji wa Zanzibar zote ziko KI93, na Tanga na Chake Chake zote ziko KI94. Wawindaji wa visiwa, yaani waendeshaji wanaokusanya mawasiliano na visiwa mbalimbali, wanaohitaji Unguja, yenye namba AF-032 katika orodha yao, hawatapata haki yao ikiwa tumechanganya safari ya kisiwani na mawasiliano ya nyumbani kisha tukaacha sehemu hiyo wazi. Sehemu hizi zijazwe kabla ya kuunganisha, kwani baada ya hapo hakuna atakayekumbuka.

Nakala za akiba ndizo zinazonitia hofu zaidi. Wapo wanaoamini kwamba wakishapeleka kumbukumbu zao kwenye huduma za mtandaoni wamezihifadhi. Mwezi Mei 2024 ARRL ilishambuliwa kimtandao, na huduma yake ya uthibitisho ikafungwa hadi Julai mosi. Data ilisalimika, lakini huduma ile haikuundwa iwe daftari: hairudishi majina, maelezo wala ripoti za nguvu ya mawimbi. Wengine huweka faili hai la kanzidata ndani ya folda inayojinakili mtandaoni huku programu ikiwa imefunguliwa, jambo linaloweza kuliharibu. Daftari hai libaki kwenye diski ya kompyuta, na kila mwisho wa kikao itolewe nakala ya ADIF yenye tarehe kwenye jina lake, iwekwe sehemu mbili, mojawapo nje ya nyumba. Mara moja moja nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, kwani nakala ambayo haijajaribiwa haina uhakika.

Yako pia madaftari ya karatasi ya wazee wetu, ambayo vilabu vinapaswa kuyaingiza kwenye kompyuta wakati wenyewe bado wanaweza kusoma mwandiko wao. Kazi hiyo inahitaji uangalifu, kwa kuwa programu hutambua nchi kwa herufi za mwanzo za alama pamoja na tarehe. Zanzibar ilihesabiwa peke yake katika DXCC, tuzo ya ARRL ya kuwasiliana na nchi nyingi, kwa mawasiliano ya hadi Mei 31, 1974, na alama za 9U5 za kabla ya Julai 1962 ni za Ruanda-Urundi, si za Burundi ya leo. Orodha ya nchi isiyojua historia hiyo itaandika jibu la sasa juu ya tukio la zamani. Napendekeza kila klabu iteue mtunza daftari mwenye jukumu hilo, kama inavyoteua mweka hazina, na akabidhiwe kompyuta, diski ya akiba na muda wa kutoa taarifa katika kila mkutano mkuu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa,
Tanga