Ligi Kuu irudi Mtwara, lakini hesabu ianzie gesti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Majuzi ulichapa barua ya ndugu yetu mmoja wa Newala anayetaka Manispaa ya Mtwara-Mikindani ikae na wafanyabiashara, inunue timu ya Ligi Kuu iliyochoka huko iliko, na kuileta hapa uwanja wa Nangwanda Sijaona. Anasema mji wenye bandari, gesi, saruji na korosho kukaa bila timu kubwa ni aibu. Tangu siku hiyo kila anayekuja kunywa chai barazani kwangu hapa Ligula ana barua hiyo mdomoni. Gazeti lenyewe limeshachanika kwa kugombaniwa.

Nianze kwa kusema nina maslahi. Nina gesti ya vyumba 13 na jiko la mama lishe uani, kwa hiyo timu kubwa ikija mimi ni wa kwanza kucheka. Na mimi ni mwana Kuchele, yaani shabiki wa Ndanda, timu yetu ya hapa. Ndanda ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 nilishona kanga ya rangi ya timu, nikapanda nayo jukwaani na mjukuu mgongoni. Iliposhuka 2020 nililia, tena bila aibu. Asinijibu mtu kwamba mama huyu hapendi mpira.

Lakini timu nimezilaza mimi, nimezipikia mimi, na daftari ninalo.

Mwaka 2017 ililala kwangu timu moja iliyokuja kucheza hapa. Jina silitaji. Walifika Ijumaa usiku, watu 26, wakalala wawili wawili. Chumba nilikuwa natoza 15,000, kwa hiyo usiku mmoja 195,000, na walikaa usiku wa pili pia. Chakula nilikata 3,000 kwa sahani, milo mitano: cha usiku Ijumaa, vitatu vya Jumamosi, na chai ya Jumapili alfajiri. Mwalimu wao alikuwa mtu wa masharti, wachezaji wasile wali wa nazi kabla ya mechi, eti unalaza miguu. Nikawapikia wali mkavu na samaki wa kuchemsha, na beki wao mmoja mrefu akaja jikoni kwa kunyata kuniomba ukoko wa wali wa nazi niliowapikia wateja wengine. Nikampa. Mechi ikaisha, walipoteza, soksi zao zikashinda kwenye kamba zangu za nguo.

Jumla ilikuja 780,000. Meneja akanipa 300,000, akasema nyingine inatumwa na simu Jumatatu. Nikamwambia, "Baba, mimi Jumatatu nanunua mchele." Tukavutana pale mlangoni dereva akiwa ameshawasha gari, mwisho mtunza vifaa akateremsha mipira mitatu na mfuko wa fulana za mazoezi, akasema, "Mama, shika hii rehani." Wale vijana walikuwa wanatazama chini. Yule beki wa ukoko aliniaga kwa mikono miwili, kama anayetoka msibani.

Hiyo ilikuwa timu ya Ligi Kuu, Mhariri, ile ile Ligi Kuu ambayo ndugu yangu wa Newala anataka tukainunue.

Sasa tuhesabu. Ligi ya timu 16 inatupa mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Mwenye gesti anazijua kwa vitanda. Simba ikija, vyumba vyote 13 vimejaa tangu juzi yake, watu wanatoka Masasi, Nachingwea, Tandahimba, wengine wanalala kwenye mkeka korido na wanalipa. Yanga ikija, vivyo hivyo. Hizo ni mbili. Zilizobaki 13, nikipata vyumba vinne ni shukrani. Na hata siku hizo mbili, tazama jukwaa: upande mmoja mwekundu, au wa njano na kijani, na waliovaa ni watoto wetu wa Chikongola na Magomeni. Mwenyeji anakuwa mgeni kwake. Mapato ya mlangoni ya siku mbili hayalipi mishahara ya miezi kumi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Dar hawalijui, ila wewe wa Newala unalijua na umelinyamazia. Pesa yetu ina msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na mpaka Desemba mji unanukia pesa: bodaboda mpya, mabati mapya, harusi kila Jumamosi. Ligi inaanza Agosti mkulima akiwa bado ana madeni ya shamba, na inaisha kuelekea Juni. Machi hapa Mtwara hata sambusa inakopwa. Na Machi ndiyo duru la pili limekolea, mchezaji anataka mshahara wake, basi linataka mafuta. Na hata huo msimu wenyewe una mwenyewe. Novemba 2018 wanunuzi walipogomea bei, Serikali ilizinunua korosho kwa 3,300 kilo, jeshi likazibeba, na watu wengi wakakaa miezi wakisubiri uhakiki ndipo walipwe. Sisemi hiyo ndiyo iliyoishusha Ndanda. Nasema mwaka ule nilikopesha chai mpaka nikafunga jiko wiki nzima.

Na safari! Enzi za Ndanda, kutoka hapa kwenda uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ni kukatiza nchi kuanzia mpaka wa Msumbiji kwenda kukaribia Uganda, karibu kilomita elfu mbili kwa barabara kupitia Dar. Anayekuja kwetu anakuja mara moja, sisi tunatoka kila wiki mbili. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi hakuna basi lililopita kwa siku kadhaa, na nauli ya ndege anayelipa ni nani?

Mtanijibu: mbona Ruangwa wameweza? Kweli, Namungo walipanda 2019, msimu wa kwanza wakamaliza wa nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, mwaka uliofuata wakacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika na akina Raja Casablanca na Pyramids. Nawavulia mtandio. Lakini Namungo ilikulia jimboni kwa Waziri Mkuu wa wakati ule, na penye mlezi wa namna hiyo wafadhili hawabishi hodi mara mbili. Sisi wa Mtwara mjini tunaye nani? Na Mbeya? Mbeya City ilikuwa timu ya halmashauri, msimu wake wa kwanza 2013/14 ikawa ya tatu, nchi nzima ikasimama kuitazama. Mwaka 2023 ikashuka. Imepanda tena, sawa, lakini Mbeya ni jiji, na sisi sensa ya 2012 ilitukuta 108,299.

Mwanangu wa pili anasoma Kanada, mji unaitwa Winnipeg. Nilipomsimulia barua hii kwa simu alicheka sana. "Mama, shikamoo, huko nako kumeanza?" Kumbe huko wana hoki ya kwenye barafu, wanaipenda kama sisi mpira, na kelele yao kwa miaka mingi ni hiyo hiyo: mji wa kati unaweza kulisha timu kubwa? Winnipeg walikuwa na timu, Jets, wakaipoteza 1996, ikahamishiwa Phoenix kule jangwani Marekani. Mwaka mmoja kabla, Quebec walipoteza ya kwao, ikaenda Denver, na msimu wa kwanza tu huko ikachukua kombe kubwa. Fikiria watu wa Quebec walivyolala usiku ule.

Sababu yao nimeielewa upesi kuliko mwanangu alivyotarajia. Wachezaji walikuwa wanalipwa dola ya Marekani, na tiketi zinauzwa kwa dola ya Kanada, ambayo wakati huo haikufika senti 75 za Kimarekani. Unavuna kwa pishi unalipa kwa debe. Ni kama sisi tunaovuna miezi mitatu na kulipa kumi.

Lakini sikiliza kilichofuata, maana hapo ndipo nilipomwambia mwanangu asubiri nichukue kalamu. Ile timu iliyoondolewa Winnipeg kwa kuwa mji mdogo, huko Phoenix, mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu, haikutulia. Ilihangaika na viwanja mpaka ikaishia kucheza kwenye ukumbi wa chuo kikuu wa watu wasiofika elfu tano. Mwaka 2023 wananchi wa Tempe, mji wa jirani, waliulizwa kwa kura kama wakubali mradi wa uwanja mpya, wakasema hapana. Mwaka uliofuata timu ikahamia Salt Lake City. Na Winnipeg? Mwaka 2011 walipata timu nyingine, iliyotoka Atlanta, mji mkubwa kuliko wao. Sharti walilowekewa ni kuuza kwanza tiketi za msimu 13,000, watu wajifunge miaka mitatu hadi mitano. Zile za wananchi wa kawaida ziliisha kwa dakika chache. Ukumbi wao una viti kama 15,000 tu, na kwa msimu wanacheza mechi zaidi ya 40 nyumbani.

Sitaki kuficha kitu: nyuma yao kuna tajiri pia, David Thomson, miongoni mwa matajiri wakubwa wa Kanada. Na ligi yao tangu 2005 imeweka kikomo cha mishahara, timu ya mji mdogo isikimbiwe kabisa na ya mji mkubwa. Huku kwetu Simba na Yanga hakuna aliyewawekea kikomo. Quebec nao walijenga ukumbi wa watu 18,000, wakaufungua 2015, wakasubiri timu. Mpaka leo ligi ile haijawapa.

Narudi Newala. Ndugu yangu, timu unayotaka tuinunue ina watu wake. Ihefu ilikuwa ya Ubaruku, Mbarali. Novemba 2022 ndiyo waliomfunga Yanga pale pale kwao uwanja wa Highland Estate na kumkatia mechi 49 bila kufungwa. Nilisikiliza redioni nikapiga kigelegele, na mimi si wa Simba. Miaka miwili haijaisha timu ikawa Singida, jina jipya, jezi mpya. Watoto wa Ubaruku waliorukaruka siku ile sasa wanashangilia nini? Tukiileta ya watu kwa fedha, atakuja mwenye fedha zaidi aipeleke kwingine, nasi hatutakuwa na mdomo wa kulalamika.

Na madiwani naomba wasiguse mfuko. Kikundi chetu cha akina mama tuliwahi kukwama mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kila tukiuliza tunaambiwa mapato ya ndani hayajakaa vizuri. Yakikaa vizuri ghafla kwa ajili ya usajili wa mshambuliaji, tutafika ofisini na masufuria.

Mimi nataka tufanye la Winnipeg kwa kipimo chetu. Novemba na Desemba, pesa ikiwepo, watu 2,000 wa Mtwara, Mikindani na Naliendele walipe 30,000 kila mmoja, mkupuo, kwa kadi ya msimu ya timu ya vijana wetu wenyewe, hata kama inacheza madaraja ya chini. Hiyo ni milioni 60. Najua haiendeshi timu ya Ligi Kuu hata nusu msimu. Lakini itatuambia tuko wangapi kweli, tukiondoa wanaokuja kwa ajili ya Simba na Yanga. Isikatwe kwenye korosho! Mkulima ameshachoka na makato, kila kilo inayopita ghalani ina mkono unaosubiri. Mtu atoke kwake kwa miguu yake, atoe pesa yake, apewe kadi. Wakifika 2,000, mwaka wa pili tuzungumze na wafadhili tukiwa na daftari mkononi. Wasipofika, hata wakiwa 1,500, turudishiane pesa na mjadala uishe.

Kadi ya kwanza naikata mimi. Ya pili namkatia mjukuu niliyekwenda naye 2014, sasa ananipita kwa kimo na anacheza kiungo pale shuleni.

Kuhusu ile timu yenye jina nisilolitaja: mpira mmoja watoto wameshaupasua, miwili iko stoo pamoja na mfuko wa fulana, panya hawajazigusa. Wanaweza kuja siku yoyote wakiwa na 480,000. Yule beki akija peke yake, ukoko upo.

Mama wa gesti,
Ligula, Mtwara