Barua kutoka Salvador, kwa Mama na wote wa Mikindani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Bibi naye shikamoo yake. Asalaam aleykum wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Chuo kimefungwa kwa sikukuu, nikapanda basi kutoka São Paulo hadi Salvador, mji wa pwani wa huku Brazili, kuona karnivali.

Uliniuliza kwenye simu karnivali ni kitu gani. Ni kuvunja jungu, Mama, ila la Wakristo: watu wanakula na kucheza kabla Kwaresima haijaingia. Tofauti ni kwamba huku jungu linavunjwa barabarani, mji mzima, karibu wiki nzima.

Mji uko juu ya genge, bahari iko chini yake. Wareno waliuanzisha mwaka 1549 na ukawa makao makuu ya Brazili hadi 1763. Ni Wareno walewale walioiteka Kilwa mwaka 1505. Mtaa wa kale, Pelourinho, una nyumba za rangi na makanisa, na wageni wanapiga picha kila kona. Hapo ndipo ilipokuwa nguzo ya kuwachapia watumwa. Wengi waliletwa kutoka Afrika Magharibi na Angola, lakini Brazili ilipokea pia watu wa pwani ya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, Wamakua wakiwamo. Utumwa ulikomeshwa huku mwaka 1888. Bibi, kuna wazee nilipishana nao njiani, ulimi ukataka kuwaamkia shikamoo.

Mwambieni Mwalimu wa madrasa kwamba Januari 1835, Ramadhani ikielekea ukingoni, watumwa Waislamu wa mji huu waliinuka dhidi ya mabwana zao. Wengi walijua kusoma na kuandika Kiarabu, na walivaa hirizi zenye aya za Kurani. Walishindwa. Kuna waliouawa, kuna waliochapwa viboko, kuna waliofukuzwa nchini. Namwomba awasomee dua.

Karnivali yenyewe ni malori makubwa yaliyosheheni spika, wanamuziki juu, yanakwenda polepole na umati nyuma. Malori hayo yalianza mwaka 1950 kwa gari moja kuukuu. Siku hizi malori mengi yamezungushiwa kamba: aliyelipa anapewa fulana na kucheza ndani, asiye na kitu anabaki nje. Wanaoishika kamba ni watu maskini, vijana na akina mama, wanasukumwa na wa ndani na wa nje usiku kucha kwa ujira mdogo. Liliniuma sana jambo hilo. Barabara ni ya wote. Kwetu ngoma ikipigwa uwanjani hata asiye na senti anaingia, na naomba tusije tukaliacha hilo.

Baba, wewe ungewapenda Filhos de Gandhy. Kundi lao lilianzishwa mwaka 1949 na makuli wa bandarini, na leo ni maelfu ya wanaume waliovaa nguo nyeupe, vilemba vyeupe na shanga za buluu na nyeupe. Walipopita barabara yote ilikuwa nyeupe. Niliwaza wewe na wenzako wa bandari ya Mtwara, msimu wa korosho, magunia mgongoni, nikalia.

Chakula sasa. Samaki wanampika kwa tui la nazi na mawese. Bajia za kunde zinauzwa mitaani na akina mama waliovaa nguo nyeupe, na ndani wanatia rojo lililosagiwa korosho. Mjomba husema mkorosho ni mti wetu tangu enzi na enzi. Mwambieni asili yake ni huku, kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni Wareno waliouvusha hadi pwani yetu karne ya 16. Hata muhogo umetoka bara hili.

Tena mabibo, yale tunayoyaacha yaoze chini au yapikiwe gongo, wao wanayakamua juisi, baridi, imejaa madukani. Nimeinywa kila siku. Mama, msimu ujao tujaribu kwa ndoo moja tu. Yakamuliwe siku ileile yanapodondoka, maana hayakawii kuharibika. Nitauliza chuoni wanavyoondoa ule ukakasi, nikuandikie.

Fedha ya palizi naituma mwisho wa mwezi. Wadogo zangu wasalimieni mmoja mmoja.

Mwanenu,
Somoe