Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Lile jalada la yule mama

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda.

Ni mimi, afisa ustawi wa jamii uliyemkabidhi dawati la malalamiko ya ubaguzi. Najua utaratibu: mtumishi hamwandikii mkuu wake hadharani, hupitia kwa mkuu wa idara. Nimepitia. Tangu Septemba mwaka jana nimepeleka madokezo manne kuhusu jalada la mama mmoja asiyeona, ambaye kikundi chake kilinyimwa mkopo wa halmashauri, na nakala zake zote zina muhuri wa kupokelewa masijala. Hakuna hata moja lililorudi na neno lako pembeni, hata lile fupi la "nimeona".

Kilichonifikisha hapa ni Jumanne iliyopita.

Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi, yule mama aliingia kwenye korido yetu ameshikwa mkono na mjukuu wake wa darasa la nne, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Walikuwa wamepanda basi la alfajiri. Alinisalimia kama anavyonisalimia siku zote, "Mbukwa, mwanangu," kisha akauliza kama barua yake ya majibu iko tayari. Nikampeleka masijala mwenyewe. Tukaambiwa jalada limepanda kwa Mkurugenzi. Tukapanda. Kwako tukaambiwa limeshuka kwa Mwanasheria. Kwa Mwanasheria tukaambiwa halijafika. Kila ngazi yule mtoto alikuwa anamhesabia: "Moja bibi, mbili bibi, ya mwisho bibi." Saa saba mchana tukawa tumerudi kwenye benchi lile lile la asubuhi. Mama akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani uliandika kweli?"

Ndugu Mkurugenzi, niliandika. Kurasa kumi na nne. Naomba uniruhusu nikukumbushe zina nini, kwa kuwa sina hakika tena kama umewahi kuzisoma.

Mama huyu alipoteza macho kwa trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao familia nyingi za Ugogoni zinaujua. Maji yakiwa ya shida, uso wa mtoto haunawi, nzi wanatua, na mama anayeshinda na watoto naye anaambukizwa tena na tena mpaka kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho. Bibi yangu mzaa mama aliishia hivyo hivyo. Kwa hiyo sitajifanya kuwa nilikwenda kule kama mtu baki, ingawa uchunguzi niliufanya kwa haki.

Yeye na wenzake wanne wenye ulemavu walianzisha kikundi cha kufuga kuku wa kienyeji. Mikopo ya halmashauri iliposimamishwa 2023 walisubiri. Iliporudi 2024 walijaza fomu. Waliomba kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinatutaka tuitenge: nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Hawakuomba hisani. Walinyimwa, wakaambiwa katiba ya kikundi chao haina saini ya Mtendaji wa Kata.

Hapa ndipo kazi yangu ilipo ngumu, na ndipo watu wengi hawaielewi. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kukuta karatasi iliyoandikwa "tumemnyima kwa kuwa haoni". Huandikwa "vigezo havikutimia". Mchunguzi akiishia kwenye karatasi hiyo, amemaliza kazi kabla hajaianza. Inabidi aulize: na wengine wenye kasoro hiyo hiyo walifanywaje? Nilipekua majalada ya vikundi vyote vilivyopata fedha awamu ile. Vitatu katiba zao hazikuwa na saini hiyo. Viwili vilipigiwa simu vije kurekebisha. Cha tatu kililipwa hivyo hivyo. Kikundi cha yule mama hakikupigiwa simu, na namba yake ipo kwenye fomu, ya mwanawe, inapatikana, niliipiga mimi.

Kisha wajumbe wawili wa kamati, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniandikia maelezo kwamba kikaoni kuna aliyeuliza, "Kipofu atamtambuaje kuku wake?" Watu wakacheka, wakaenda kikundi kinachofuata.

Nilikwenda kwake Julai, upepo wa Dodoma ukiwa ule unaopasua midomo. Alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda. Baada ya kula akatoka uani, akaita, na kuku wakaja. Akawa ananitajia mmoja mmoja kwa mlio na kwa uzito mkononi: huyu anatotoa, huyu ana kideri nimemtenga, huyu ni wa mjukuu. Amefuga zaidi ya miaka ishirini, na mingi kati ya hiyo hakuwa anaona. Hayo nayo nimeyaandika, ukurasa wa tisa.

Mapendekezo yangu yalikuwa mawili tu: maombi yao yarudishwe kamatini yaangaliwe upya kwa vigezo vilivyotumika kwa wengine, na kikundi kijibiwe kwa maandishi. Sikuomba mtu afukuzwe kazi. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza mtu kubaguliwa na mwenye mamlaka ya serikali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko kabatini kwetu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya wenye ulemavu, na tunawatumia waajiri wa wilaya hii barua za kuwakumbusha. Tutaendelea kuwaandikia kwa uso gani?

Na ahadi ilikuwa yako. Siku ulipofika pale kijijini kuzindua dawati hili, chini ya mbuyu, wazee walikuvisha mgolole, ukasimama ukasema kila lalamiko litajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Yule mama alikuwepo, amekaa mstari wa mbele. Haoni, lakini alisikia, na mpaka leo anakumbuka maneno yako kuliko ninavyoyakumbuka mimi. Siku kumi na nne zimekuwa miezi kumi na moja.

Kuhusu mimi mwenyewe nilikusudia nisiseme, lakini nitasema. Chumba cha dawati ni nusu ya stoo ya vyandarua na mabango ya zamani. Kabati halina kufuli. Anapokuja mtu anayeishi na VVU kulalamika kwamba ameondolewa kwenye kazi ya kupika shuleni, ananieleza huku waliofuata vibali vya ujenzi wamesimama mlangoni. Mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, nilimsikilizia nje chini ya mwarobaini ili asilie mbele za watu. Pikipiki ya idara haina mafuta tangu Januari. Masurufu niliyoomba hayajatoka, kwa hiyo bodaboda nalipa mwenyewe, na mume wangu ameshaacha kuuliza mshahara unaishia wapi. Nimeanza vidonge vya presha. Mwezi wa pili nilipigiwa simu usiku na mtu asiyejitambulisha, akaniambia niangalie sana kuku wa watu wasije wakanidonoa. Nilikuandikia hilo pia, dokezo la tatu.

Kwa nini jalada limekwama? Nahisi kuna mtu kwenye kamati ambaye hatakiwi kuguswa. Au huenda inahofiwa kwamba kikundi kimoja kikijibiwa, vingine vitakuja. Au ni uzembe wa kawaida, faili limelala chini ya mafaili mengine. Sina ushahidi wa lolote kati ya hayo, na kazi hii imenifundisha nisimhukumu mtu kwa kuhisi. Lakini nawe elewa kwamba ukimya wa miezi kumi na moja unawafanya watu wahisi.

Nilimweleza mama kwamba anaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, maana iko hapa hapa Dodoma na Katiba yenyewe ndiyo iliyoiunda. Nilikuwa tayari kumsindikiza. Akakataa. "Shauri langu nimekupa wewe," alisema, "na wewe umempa mkubwa wako. Niende kwa nani tena?"

Nilianza barua hii nikiwa na mambo saba ya kuomba: kufuli, mafuta, chumba, mkalimani wa lugha ya alama, na mengine. Yaache. Yatakuja kwa bajeti yake. Naomba moja tu. Lile jalada lifunguliwe, ulisome, umjibu. Hata kama jibu ni hapana, liandike hapana, na uweke sababu na saini yako, nimsomee. Nimewasomea watu wengi majibu mabaya na wakanishukuru kwa kuambiwa. Ila sina namna ya kumsomea mtu karatasi ambayo haipo. Jalada, ndugu Mkurugenzi. Naomba lile jalada.

Jumatatu anakuja tena. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili ameipata kwa kuuza jogoo mmoja, mjukuu ndiye aliyeniambia. Nitakuwa mlangoni kuanzia saa mbili.

Wako katika utumishi wa umma,

Afisa Ustawi wa Jamii,
Dawati la Malalamiko,
Dodoma